Mpunga wa Bibi kwenye Sakafu ya Stesheni

Nilifunga safari kwa sababu ya mdomo wa mjomba wangu. Miaka yote bibi, yaani mama yake mzazi, ametusimulia kwamba alipokuwa msichana, stesheni ya Ifakara ikijengwa, alikuta jukwaa la abiria limesakafiwa vizuri mno, akaanika mpunga. Kumbe saruji bado mbichi! Mpunga ukazama. Mjomba hucheka: "Mama, hapo umetia chumvi! Nionyeshe punje moja tu, nitakuanikia mpunga msimu mzima." Juzi tukasikia sakafu ile inakarabatiwa. Bibi hakula siku hiyo.

Saa kumi na mbili asubuhi mimi na bibi tuliondoka kijijini kwetu Mkula. Kwenye basi bibi alimsimulia kondakta, dereva, hata mama mwenye kuku. "Na huyu ndiye mume wangu," akawaambia, akinionyesha mimi mjukuu wake. Basi zima likaangua kicheko.

Ifakara tulipanda bajaji. "Ongeza mwendo, baba, wasije wakanizibia mpunga wangu!" bibi akamhimiza dereva.

Saa tatu tulifika stesheni. Mkuu wa stesheni, mama mcheshi wa Kisukuma, alimwamkia bibi, "Shikamoo mama," akatutembeza. Hapa dirisha la tiketi, pale walikolala watu na magunia yao wakisubiri treni iliyochelewa. Mwisho wa jukwaa tukamkuta fundi anakoroga saruji.

"Naziba vishimo vya wadudu," akasema.

"Wadudu wako mwenyewe!" bibi akapiga kelele. "Mpunga wangu huo!"

Tukainama. Vishimo vyembamba, vingi, umbo la punje kabisa.

"Mpunga kweli," fundi akakubali. "Lakini hapa nani hana mpunga?"

Bibi akanywea. Nikasogea zaidi. Ndipo nikaona unyayo katikati ya vishimo, wa mtu aliyeingia kuokoa mpunga wake. Ulikuwa na vidole vinne! Bibi akavua kandambili, akaweka mguu wa kulia pembeni. Kidole chake cha mwisho kilikatwa na jembe utotoni.

Weee! Tulirukaruka, fundi na koleo lake, mkuu wa stesheni na kofia yake. Mkuu akaamuru pale pasiguswe, nami nikaupiga picha unyayo ule pamoja na miguu ya bibi.

Jioni, Mkula, mjomba aliikuza picha kwenye simu yangu, akaitazama miguu ya mama yake, akaomba radhi. Nami nimejifunza kumsikiliza bibi mpaka mwisho.

Kesho yake, jua kali, mjomba alikuwa kwenye turubai anageuza mpunga. Bibi amekaa kivulini na chai.

"Geuza, mwanangu, geuza! Na uangalie unapokanyaga."