Vipimo vya Nyumba ya Baba

Karatasi ya kodi ilipotuambia kwamba tunaishi katika villa, nyumba ya matajiri, mama alicheka mpaka akakaa chini. Nyumba yetu hapa Likasi ina vyumba vitatu. Ni mojawapo ya zile ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi, kisha ikawauzia. Baba aliipata kwa miaka yake yote ya tanuruni. Lakini tulipofika kwenye kiasi chenyewe cha kodi, kicheko kilikatika. Tusingeweza kulipa, na nyumba isiyolipiwa huweza kunadiwa. Mama hana pengine pa kwenda.

Kosa nililiona upesi. Baba alipofariki tulijenga banda la mabati uani ili watu wa kilio wasinyeshewe. Kilio kikaisha, banda likabaki, kwa sababu mama alisema kulibomoa ni kama kuwafukuza wageni wa baba. Mkaguzi wa kodi alipopita alilihesabu kuwa jengo. Basi nikaamua kupinga.

Nilitoa mita ya chuma aliyokuwa akiitumia baba kazini, nikapima kila ukuta, mama akinishikia ncha. Nilichora nyumba nzima kwenye ukurasa wa daftari, na banda nikaliandikia kando: la kilio, halina kuta.

Ila kwetu mtoto haendi ofisini peke yake kwa mali ya marehemu. Huenda na baba mdogo, na huyo ndiye hutia sahihi kama mwakilishi wa familia. Wetu ndiye aliyesimamia kilio, tena alilia kuliko sisi sote. Magoti humsumbua, kwa hiyo nilimbeba nyuma ya baiskeli yangu, mlima wote wa kwenda ofisini, nikijivunia kuwa na mtu kama yeye.

Karani wa kodi alitupatia fomu, akauliza jina la mwenye nyumba: "Propriétaire ni nani?"

"Ni papa yangu, chef. Alishakufa," nilisema.

Baba mdogo akaivuta fomu upande wake. "Acha, mwana. Hii ni mambo ya bakubwa. Weye uko na mukono ya haraka, utaharibu papier ya batu."

Nilimpa kalamu yangu. Sikuchungulia, maana kumchungulia mkubwa anapoandika ni kukosa adabu, na baba alinilea hivyo. Wakati wa kurudi aliniomba fotokopi ya mchoro, aiweke kwake kwa niaba ya familia. Nikampa, tena nikamshukuru.

Majibu yalipokuja, tulikuwa tumeshinda. Banda lilifutwa, villa ikawa nyumba ya kawaida, kodi ikashuka. Nilimsomea mama kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka nikafika kwenye jina la mwenye nyumba. Halikuwa la baba. Lilikuwa la mdogo wake.

Nilirudi ofisini mbio. Karani alinionyesha fomu: kwenye nafasi ya mwenye nyumba, jina la baba mdogo, kwa wino wangu. Nafasi ya mwakilishi wa familia ilikuwa tupu. Na huku kwetu, anayetaka kudai nyumba huanza kwa kuonyesha karatasi ya kodi yenye jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema. Changu mimi nilikipandisha mlima kwa baiskeli.

Nilimkuta kwake anakula.

"Baba mudogo, juu ya nini uliandika jina yako?"

"Miye na papa yako tulikuwa muntu moja," alijibu, akimega bukari, ugali wetu. "Jina yangu, jina yake, différence iko wapi? Ikala, ukule."

Hata haya hakuona. Hilo liliniuma kuliko wino. Mtu huyu nilimwona akilishika jeneza la kaka yake asitake kuliachia.

Juma lililopita alikuja kwetu na mgeni aliyevaa viatu vya kung'aa, anayetafuta nyumba ya kununua. Mgeni hakuja na mita. Alikuwa na fotokopi ya mchoro wangu mkononi, akapita nayo chumba kwa chumba, akitikisa kichwa kwa kuridhika kila alipofika kwenye ukuta. Hakuna nilipokosea hata kidogo.

Mama alikuwa ameketi chini ya banda la kilio, hakuinuka kuwasalimu. Walipoondoka alinigeukia.

"Ulimupimia muzuri, mwana wangu," alisema.