Fomu ya bima ilikuwa na nafasi ya mke mmoja, na baba alikuwa nao wawili

Wakuu, sopa. Haya ni ya nyumbani kwetu Kajiado, na nitayaweka vile yalivyotokea, hata pale yananiuma.

Baba alistaafu kutoka idara ya mifugo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Bima ya kazini ikaishia hapo. Ile ya taifa ilibaki, lakini haikufika mbali, kwa hivyo akatafuta ya kujazia.

Fomu ilikuwa na nafasi ya mke mmoja.

Kumwongeza wa pili kungemeza karibu pensheni yote. Basi fomu ikakaa juu ya redio wiki tatu.

Yeyo, ndiye aliyenizaa, alikuwa mke wa kwanza. Mama mdogo, Nashipae, alikuwa na presha. Sote tulijua, ila yeye mwenyewe alikataa.

"Andika huyu mkubwa," alimwambia baba. "Magoti yake yanalia kama lango la boma."

"Na wewe ukipanda kilima unahema kama punda amebeba maji," Yeyo akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Baba hakucheka.

Mwishowe akaamua kwamba wa kwanza ni wa kwanza. Akatia sahihi, akaniambia nimpeleke Yeyo Kitengela kwa ajenti, mama aitwaye Nekesa, ambaye angejaza jina la mke kutoka kwa kitambulisho.

Yeyo akafungua leso, akatoa kitambulisho na picha.

Vilikuwa vya Nashipae.

Nikafungua mdomo. Akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Huyu kwenye picha ndiye bibi?" Nekesa akauliza.

"Ndiye. Mimi niko na mguu tu wa kuleta karatasi."

Njiani nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Watoto wake bado wanasoma. Wewe umeshaota ndevu."

Kadi ilipofika, baba alilisoma jina mara mbili, kisha akampa Nashipae. Nashipae alilia, kisha akaingia jikoni kwa Yeyo akaosha sufuria zote, hata zile safi.

Kisha akaanza kuuza maziwa ili Yeyo naye aongezwe. Mwaka uliofuata tulirudi kwa Nekesa sote watatu.

"Kumbe mlinichezea!" akacheka. Halafu akasoma kitambulisho cha Yeyo, na kicheko kikamtoka usoni.

"Mama, kampuni haiandiki mtu mpya aliyepita hamsini na tano. Umepita juzi tu. Mwaka jana ungeingia."

Nashipae alishika ukingo wa meza. Yeyo akamwambia, "Twende, ndama wanangoja."

Baadaye Nashipae alipigwa na kiharusi. Bima ikalipa, akatembea tena, ingawa mkono wa kushoto haukurudi sawasawa.

Figo za Yeyo zilipochoka, tuliuza ng'ombe, tukachangisha kanisani, hatukufikisha pesa ya hospitali. Aliugulia nyumbani miezi saba, akafariki. Aliyemlisha uji kila asubuhi, kwa ule mkono mmoja mzima, ni Nashipae. Sisi watoto tukijaribu, Yeyo alifunga mdomo.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla mzee hajastaafu, uliza umri wa mwisho wa kuandikishwa, kwa kila mtu wa boma. Mimi nilikuwa nimeketi pale mezani na sikuuliza.

Nashipae yuko. Kila nikienda ananiuliza kama nimekula.

Walio na mama wawili, nyinyi mliamuaje? Nasoma zote.