Ukoo wa Nikodemo Birtwistle

Hapa Iyula tulimwita Betwiso, maana ndimi zetu ziligoma kwenda mbali zaidi. Kwenye cheti ni Nikodemo Birtwistle, mkulima wa kahawa, mweusi kama mimi. Mama yake, Bibi Ruti, alimpikia mlowezi mwenye jina hilo. Siku ya ubatizo akaandikisha hilohilo, akafunga mdomo. Yaliyobaki watu walijaza wenyewe, na kwa kujaza hatujambo.

Kwetu mwanamume huamkiwa kwa ukoo wake, Si-fulani, na dada yake Na-fulani. Nikodemo aliitwa Nikodemo au Betwiso tu, kama mtoto, miaka sitini na minne! Iliniuma, ingawa mimi ni jirani tu.

Mwaka huu bintiye Brenda alichumbiwa na Joshua Silwimba wa Chapwa, kule Tunduma. Wazee wa Joshua walitaka jambo moja: watajiwe ukoo wa binti, kwani wa ukoo mmoja hawaoani. Nikodemo akanijia mbio.

“Mwalimu Leah, nitafutie kwenye simu. Hata Wazungu wana koo zao.”

Nikatafuta. Birtwistle ni jina la mahali, kaskazini mwa Uingereza: penye panda ya mto na makinda ya ndege. Waliohama pale waliondoka nalo.

“Makinda,” alisema, akicheka. “Si haba. Twende tukamwambie mama.”

Laiti ningekataa. Bibi Ruti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono.

“Mwanangu, yule Mzungu hakunigusa. Baba yako alikuwa akipogoa kahawa palepale shambani. Alikukana. Nikaapa jina lake hutalibeba.”

“Nani, mama?”

“Silwimba. Wa Chapwa.”

Brenda alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Mimi nililia kwa hasira, sijui nimkasirikie nani, bibi wa watu au simu yangu.

Nikodemo angeweza kunyamaza. Nilimshauri hivyo, Mungu anisamehe. Alikataa, na Jumamosi tukaenda Chapwa, yeye, Brenda na mimi. Akasema yote. Wazee walinong'onezana, wakamtaja marehemu fulani, kisha wakasimama mmoja mmoja kumpa mkono.

“Karibu nyumbani, Silwimba.”

Hapo ndipo alipolia, mtu mzima, mbele ya wakwe ambao hawakuwa wakwe tena. Joshua alitoka nje bila viatu. Brenda alinyanyuka, akakaa tena. Angemfuata kama nani?