Picha Zilizoondoka na Tumbaku

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu, anayesoma Tabora mjini, alinitumia kwa simu picha kumi na tano alizozichora. Anaomba nafasi chuo cha sanaa, na wao wanataka kumi na mbili tu. "Shikamoo shangazi. Nipunguze zipi?" Nilizitazama, rafiki yangu, nikazima simu bila hata kuitikia marahaba. Wivu ni kitu kibaya, na ukimwonea mtoto ni kibaya zaidi.

Maana mimi pia niliwahi kuwa nazo kumi na mbili.

Kwetu ni Usoke, na pale mtoto huanza kunusa tumbaku kabla hajaonja uji. Bani letu, kile kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, lilikuwa nyuma ya jiko. Msimu ukifika kaka alipasua kuni kutwa nzima, mama na mimi tukifunga majani kwenye fito mpaka vidole vinashika utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni. Bibi alitugawia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, tukatafuna na karanga huku kazi inaendelea. Mkaa wa bani ndio uliokuwa kalamu yangu. Nilichorea karatasi za kaki, zile pana tulizopewa na chama cha msingi cha wakulima za kutandika ndani ya marobota ya tumbaku. Zilizobaki kila msimu alinipa baba mwenyewe. "Chora hapa," alikuwa akisema, "kuta zangu uziache."

Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu mmoja aliniletea fomu ya chuo cha sanaa huko pwani. Nikachora msimu mzima. Nilichora mikono ya mama, bibi akimenya karanga, abiria waliolala stesheni wakisubiri treni, na ile njia ya zamani ya wapagazi inayopita nyuma ya kanisa, ambayo siku hizo ilikuwa ya mbuzi. Zilipotimia kumi na mbili nikazilaza stoo, chini ya karatasi mpya, ili zinyooke. Ujinga wangu ulikuwa huo.

Nilikwenda Urambo kupiga picha ndogo za kubandika kwenye fomu, nikalala kwa mama mdogo. Huku nyuma ikatangazwa kuwa siku ya soko la tumbaku imerudishwa nyuma, ni kesho. Baba na kaka wakafunga tumbaku haraka haraka. Niliporudi kesho yake mchana, stoo ilikuwa tupu. Nikakimbia hadi kituo cha kununulia, nikamkuta baba kwenye foleni, amekalia robota letu moja.

"Baba, picha zangu."

"Nimeziona," alisema. "Karatasi zilipungua. Nimezigeuza ziangalie ndani, zisichafuke."

Nikamwomba afungue. Akatazama wenzake waliokuwa wameanza kugeuza shingo.

"Robota likishabandikwa namba halifunguliwi, mwanangu. Watasema nimeficha mawe, walikatae. Tutakula nini? Wewe utachora nyingine. Mkono si unao?"

Kuhusu mawe alisema kweli. Lakini hakusema pole, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Kabla ya mwisho wa kupokea fomu zilibaki siku tisa. Nilichora tano, zote mbaya, kwa sababu nilikuwa nakandamiza mkaa kwa hasira mpaka unavunjika. Bibi akaniambia maji yakishamwagika hayazoleki. Methali ni rahisi kwa asiyemwagikiwa. Ile fomu niliwashia moto wa jiko, nikahakikisha baba ananiona.

Leo bani limebaki kichuguu. Msitu tuliokuwa tukiokotea uyoga umekwisha kwa kuni za kukaushia tumbaku. Bibi hayupo, mama hayupo, na viazi siku hizi vinauzwa vibichi barabarani kwa sababu hakuna mwenye subira ya kuvianika. Yote hayo nilikuwa nimeyachora. Kuna mtu asiyenijua alipasua yale marobota kiwandani, akatoa majani, karatasi akazitupa. Sijui kama alizigeuza upande wa pili.

Mwaka wake wa mwisho baba alikonda sana. Siku moja nikiwa nimekwenda kumwona aliniita, akajiweka sawa kitini, akafunga vifungo vya shati mpaka cha juu kabisa.

"Mwanangu, hebu nichore."

Ilikuwa ndiyo pole yake. Niliijua palepale. Nikatoa simu mfukoni.

"Siku hizi hakuna haja, baba. Tazama hapa."

Nikampiga picha. Picha hiyo ndiyo tuliyoitengenezea fremu, ikabebwa mbele ya jeneza, na waombolezaji wakasema mzee wao ametoka vilevile alivyokuwa. Ni kweli, ni yeye kabisa. Ni mzee aliyetoka kuomba kitu kimoja, mwanawe akamnyima.