Gari la Beseni

Karakana yangu iko Kabondo, nyuma ya ukuta wa kanisa, na siku hizi ina kimya nisichokipenda. Mimi ni soudeur. Nachomelea milango, vitanda, na zaidi ya yote baiskeli za toleka zinazobeba watu mjini kwetu. Shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Tena sikuiacha mimi. Walioniachisha ni wenye bunduki, wa kwetu na wa kwa majirani, waliokuja kupigana katika mitaa yetu kama vile kwao hakuna mitaa. Majina sitaandika humu. Lakini lawama nitaigawa, kila mtu apate fungu lake, na mimi langu.

Miaka michache iliyopita karakana hii ilijaa kelele za wanafunzi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa anakaa kwangu akisoma mwaka wa kwanza wa uhandisi. Kila mwaka wale wa mwaka wa kwanza walishindanishwa: watu wanne kwa kundi, watengeneze kitu kwa mikono yao, kwa vyuma na mbao zilizotupwa, bila kununua hata msumari. Mwaka ule kilikuwa kigari. Unaweka juu yake beseni iliyojaa maji, unakivuta uwanjani kwenye mashimo na mizizi, unageuka, unarudi. Ndani ya beseni kulikuwa na mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari, kundi zima linarudia mwaka.

Kwa mpwa wangu, kurudia mwaka kulikuwa ndio mwisho. Baba yake, shemeji yangu wa Yanonge, alisema waziwazi: akirudia, arudi nyumbani auze samaki pamoja na mama yake.

Basi, wiki mbili walishinda kwangu. Walileta magurudumu mawili ya baiskeli yaliyokula kutu, kiti cha chuma kisicho na miguu, na mipira ya ndani ya matairi.

"Tonton," kijana mrefu wa kundi lao, maana nilikuwa mjomba wa wote, alikuwa akisema akiinua gurudumu, "hii roue ilikufa mbele sisi tuzaliwe."

"Nawe utakufa nayo usipoinyoosha," mpwa wangu anamjibu. "Piga nyundo, acha mudomo!"

Mimi nacheka peke yangu. Saa sita mke wangu analeta lituma ya ndizi zilizopondwa na pondu ya majani ya muhogo, wote wanakula kwenye sahani moja, mikono ikiwa myeusi kwa grisi. Sijawahi kula vizuri kama siku zile.

Wazo kubwa lilikuwa la mpwa wangu. Aliona jinsi watu wa toleka wanavyofunga trei za mayai kwa vipande vya mpira ili yasivunjike njiani. Akasema beseni isikae juu ya chuma. Ining'inizwe kwa mipira minne, gari likiruka, beseni itulie. Nilimtazama. Mimi nimechomelea toleka miaka yote, wazo hilo halikunijia hata siku moja.

Tatizo lilikuwa maungio, pale ekseli inaposhikana na fremu. Mpwa wangu alichomelea mara mbili, yakavunjika mara mbili; mara ya tatu yalishika, lakini kwa shida. Alasiri ya mwisho kabla ya mashindano, courant, yaani umeme, ilirudi kwa muda mfupi. Yeye na wenzake walikuwa wamekwenda kuazima beseni. Nikaangalia kile kigari, mikono ikaniwasha. Niliyajua masharti vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe alinisomea: mtu wa nje asiguse. Nikavaa kinyago, nikachomelea upya juu ya mshono wake. Mshono ukatoka safi, umenyooka. Halafu mkono, kwa mazoea yake, ukaweka nukta tatu chini ya fremu. Hiyo ndiyo alama yangu. Naiweka kwenye kila toleka, mtu akipata shida ajue arudi kwa nani. Niliiweka bila kufikiri, kama mtu anavyofuta jasho. Waliporudi, mshono nilikuwa nimeshaupaka grisi, wakadhani ni ule wao.

Kesho yake nilikwenda nao uwanjani; walikuwepo profesa mzee na assistant wake mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi inakata. Kabla gari letu halijaanza, mvulana wa kundi lingine akainama chini yake.

"Papa professeur, njoo muone! Hizi nukta tatu ziko kwenye toleka zote za papa yangu. Hii ni kazi ya soudeur wa Kabondo!"

Mchongezi yule, fungu lake ndilo hilo. Assistant hakuuliza hata swali. "Waondolewe," alisema, na alisema kwa raha. Ndiye huyo huyo ambaye leo ameyageuza mashindano kuwa michoro ya kompyuta. Aliyenyamazisha karakana yangu ni yeye, na akisoma haya atajijua.

Mpwa wangu alilala chini, akaziona nukta. Akainuka, akanitazama. Heri angenitukana.

"Ni kweli," alimwambia profesa. "Ni mukono ya tonton yangu. Sikujua, lakini gari iko yetu, kosa iko yetu."

Mzee akajikuna kidevu. "Bon. Mukate hapo, muchomelee tena, hapa mbele yetu. Jenereta iko. Muko na saa moja." Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu tonton asimame kule nyuma ya kamba, mikono kwenye mifuko!"

Uwanja mzima ukacheka. Nikaenda. Mpwa wangu akavaa kinyago, akaanza kuisukuma fimbo ya kuchomelea kwa haraka. Nikashindwa kujizuia: "Polepole! Usiisukume!"

Kijana mrefu akaja mbio. "Tonton, nakuomba, funga mudomo. Watatufukuza mara ya pili."

Nikafunga. Mshono wake ulitoka na vinundu kama ngozi ya chura. Gari likaondoka, likaruka shimo la kwanza, la pili. Beseni ikacheza kwenye mipira yake na kutulia. Kwenye kona, maungio yakalia krii, fremu ikapinda kidogo, lakini ikashika. Waliporudi assistant mwenyewe alipima, mara mbili. Maji yalikuwa juu ya mstari kwa upana wa kidole.

Hawakuwa wa kwanza, wala wa pili. Walipita tu. Mpwa wangu alipiga simu Yanonge hapo hapo, akiwa bado na masizi puani. "Papa, ninabaki," alisema. Halafu, bila kunitazama, akanipa simu.

"Ulimusaidia?" shemeji aliniuliza.

Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu, anasikia.

"Hapana," nikasema. "Nilimuharibia. Akatengeneza mwenyewe."