Nilivyosajiliwa Mchungaji wa Ng'ombe

Jirani yangu muuza ng'ombe aliponiuliza kama ningekubali kuvuka bahari na ng'ombe wake, niandikwe mchungaji, nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Laiti ningekataa. Ilikuwa rahisi tu kumwambia, "Jirani, mie ng'ombe namjua akiwa kwenye sahani," tukacheka, kila mtu akarudi kwake. Badala yake niliingia ndani kutafuta pasipoti.

Mke wangu alikuwa Ngazija, visiwani Komoro. Binti yetu ameolewa huko, na alipojifungua, mama yake alikwenda kumlea mzazi kwa siku arobaini, kama ilivyo desturi yetu. Kabla arobaini haijatimia, korona ikaingia duniani na visiwa vikajifunga. Aliyekuwa ndani akabaki ndani.

Siwalaumu watu wa visiwani. Wana hospitali kubwa moja na mitungi ya hewa ya kuhesabika. Nchi ya namna hiyo haiwezi kumkaribisha mgeni kwa maneno matamu halafu akaugua kifua. Shida ni kwamba vitunguu, saruji na nyama vilitoka kwetu. Kwa hiyo walifungia watu, wakaacha wazi mlango wa ng'ombe.

Nilianza kwa kujaribu kwenda kama abiria, maana walisema wenye sababu maalumu wataruhusiwa wakiwa na cheti cha kipimo. Cheti kilidumu siku tatu tangu siku ya kupimwa. Majibu yalichukua siku mbili, na chombo kilichukua siku mbili na nusu baharini. Nilikaa barazani kwangu Tandika nikipiga hesabu hiyo kwa kalamu, nikiamini kwamba nimekosea mahali. Sikuwa nimekosea. Ili nifike na cheti kilicho hai, ilibidi nisafiri kwanza, nipimwe baadaye.

Wakati huo mke wangu aliandikwa kwenye orodha ya waliokwama. Meli ingepangwa kuwarudisha. Ofisi iliyoshughulikia orodha ilinipigia simu, dada mmoja mwenye sauti ya upole.

"Mzee, shikamoo. Mama akifika atakaa karantini hapo nyumbani. Mjumbe wenu atapita kuhakikisha kuna mtu wa kumpokea. Wiki hizi mbili usitoke."

"Marahaba, mwanangu. Sitoki."

Mke wangu naye akapiga. "Umesikia? Kaa hapo hapo. Usianze mambo yako."

"Mambo gani tena, mama?"

"Unayajua."

Nilimwelewa vizuri. Lakini nilikuwa nimefanya kazi ya stoo miaka thelathini, na nilijua wiki mbili za ofisi ni miezi mitatu ya watu wengine. Nikajiambia mjumbe atakapokumbuka kupita, mimi nitakuwa nimekwenda, nimerudi, na huenda nimerudi na mke wangu. Tena nilitaka nimshtukize. Huo ndio ukweli wenyewe. Nilitaka anione nikishuka.

Jirani alinifundisha uchungaji kwa asubuhi moja, uani kwake. "Usisimame nyuma yake, simama ubavuni. Akikukodolea macho, na wewe mkodolee. Mengine anayajua mwenyewe."

Bandarini, ng'ombe walipimwa mapema. Daktari wao aliwatazama midomo na kwato, akawapiga mapaja kidogo, akaandika kwamba wote arobaini wana afya njema. Mimi nilielekezewa kile kidude cha kupimia joto kwenye paji la uso mara tatu, kikasoma joto la maiti, kikapigwapigwa ukutani, kikasoma vizuri. Kwenye fomu, mbele ya neno kazi, nikaandika kwa mkono wangu: mchungaji.

Mchungaji wa kweli alikuwa mtu wa makamo kutoka bara, ambaye hakuwahi kuona bahari lakini hakutapika hata mara moja. Mimi nilitapika tangu mlangoni mwa bandari. Nilipokuwa nainuka kuwapa ng'ombe majani, alinitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, huyo unamlisha au unamwomba radhi?"

"Namzoea."

"Yeye ameshakuzoea. Anasubiri wewe."

Tulifika siku ya tatu, mchana. Ng'ombe walishushwa mmoja mmoja kwa daraja la mbao, wakapelekwa kwenye zizi lenye kivuli, bomba la maji na daktari wa kuwatazama asubuhi na jioni. Nilipokanyaga daraja nyuma ya ng'ombe wa mwisho, ofisa mwenye barakoa mbili aliinua mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha Temeke kabisa, alisoma kwetu.

"Mzee wangu, shikamoo. Wewe unabaki."

"Marahaba. Mbona ng'ombe wanashuka?"

"Ng'ombe ni mzigo, mzigo unashuka. Mchungaji anahesabiwa pamoja na chombo, na chombo hakishuki."

"Sasa nani atawachunga?"

"Wamefika, mzee. Ng'ombe aliyefika hachungwi."

Alinionea huruma, akaongeza taratibu, "Mzee, hospitali yetu unaijua. Ukiugua nikuweke wapi?"

Nikampigia mke wangu simu. Alikuja hadi kwenye uzio wa bandari, na mimi nikasimama ukingoni mwa chombo. Tulionana vizuri, tuliweza hata kupungiana, ila kusikizana ilikuwa kwa simu tu. Alivaa kanga yake ya nyumbani. Alikuwa amepungua.

"Wewe unafanya nini humo?"

"Nimeleta ng'ombe."

"Ng'ombe gani? Wa nani?"

"Arobaini. Wa jirani."

Nilimwona akishusha simu, akacheka mpaka akashika uzio. Nilifurahi kwamba nimekuja. Kisha akairudisha simu sikioni.

"Na mjumbe?"

"Mjumbe hajapita bado."

"Umejuaje, na wewe uko huku?"

Nilimwambia atapita tu, asiwe na wasiwasi. Alisimama pale mpaka chombo kilipong'oa nanga, jua likimpiga, na mimi nikaendelea kupunga mkono kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Mjumbe alikuwa amepita mara mbili. Mara ya kwanza alikuta kufuli. Mara ya pili akauliza majirani, wakamwambia ukweli. Alinieleza mwenyewe niliporudi, akiwa amesimama mbali kidogo.

"Kaka, ningeandikaje? Nimeandika hivyo hivyo. Mwenye nyumba yuko visiwani, anachunga ng'ombe."

Nilimpigia yule dada wa ofisini. Alifungua mafaili yake, nikasikia karatasi.

"Mzee, hapa inaonyesha uko huko aliko mama."

"Nimerudi. Nazungumza nawe kutoka Tandika."

"Lakini orodha hii ni ya waliotenganishwa na familia. Mama ameonekana yuko na mumewe, kwa hiyo jina limeondolewa, amewekwa mwingine."

"Sikushuka, mwanangu. Nilikuwa juu ya chombo."

"Naelewa, mzee. Fomu haina sehemu ya juu ya chombo."

Na kwa kuwa nilitoka nje ya nchi, mimi mwenyewe nikawekwa karantini nyumbani siku kumi na nne. Kila asubuhi mjumbe alipita kuhakikisha nipo. Aligonga, nikatokeza kichwa dirishani, akaandika kwenye daftari: yupo. Kamwe sijawahi kuwepo nyumbani kwa ushahidi mwingi namna ile.

Siku ya nne ya karantini hiyo, meli ya waliokwama ilifika Dar es Salaam. Mama mmoja wa Mtoni aliyekuwemo alinipigia kunipa salamu za mke wangu na kunitumia picha yake.

Mke wangu alikuwa na presha. Dawa zake alizichukua hospitali ya huku, akaondoka na za miezi miwili. Kule, dawa za aina ile ziliingia kwa vyombo, na vyombo vilikuwa vichache, vimejaa saruji na ng'ombe. Zilipomwishia, binti yetu alimpatia za aina nyingine alizozipata. Hakuna meli nyingine iliyopangwa mwaka ule. Mke wangu alianguka jikoni kwa binti yetu akimwogesha mjukuu, na akafariki siku ya pili yake. Alizikwa alasiri hiyo hiyo. Mkwe wangu alinionyesha mazishi kwa simu. Picha ikaganda watu wakiwa bado njiani, na ilipofunguka kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Nafasi yake kwenye meli ilikuwepo. Alitakiwa tu kuwa na mtu nyumbani, na mtu huyo alikuwa mimi. Sikukaa. Mke wangu akafia ugenini, na sikumzika.