Bamba la Kumwonyesha Mgeni Rasmi

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Chamwino, kikikamua alizeti. Mwenye kiwanda aliamua maganda yasitupwe tena: yachomwe kwenye boila, mvuke uzungushe mashine ya umeme. Mimi niliajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu, na majaribio yangu yalikuwa yanaisha wiki ileile ya uzinduzi. Kazi yangu ya maana ilikuwa moja tu: kuhakikisha mabomba ya mvuke ni safi ndani, kisha kutia saini.

Bomba jipya halitoki likiwa safi. Ndani hubaki kutu na chembe za kuchomelea, na chembe moja ikirushwa na mvuke inaweza kuharibu mapanga ya mashine. Kwingine hupuliza mvuke wenyewe mpaka uchafu utoke, na maji mengi huishia hewani. Sisi, wa kisima kimoja tunachogombania na kijiji, tulipuliza hewa: kompresa inaijaza boila, vali inafunguliwa ghafla, hewa inatoka mwisho wa bomba kwa mshindo. Mbele ya mdomo wa bomba tunafunga bamba la alumini lililong'arishwa. Kila chembe inayoligonga huacha kijishimo. Vijishimo vikikoma, ndipo unatia saini.

Tulipuliza siku nne. Mshindo wetu ulitangazwa kanisani na msikitini, ila mbuzi hawakupata taarifa.

Asubuhi ya siku moja kabla ya uzinduzi nililiacha bamba limejaa vijishimo, nikaenda kunywa chai. Niliporudi liling'aa kama kioo. Pembeni alikaa msimamizi wa mafundi, mzee wa Kondoa, ameshika msasa.

"Shikamoo mzee. Nani amelisugua hili?"

"Marahaba. Mimi, injinia. Mkono wote unaniuma."

"Kwa nini sasa?"

"Kesho mgeni rasmi atalishika. Tumpe kitu chenye chunusi?"

"Mzee, hizo chunusi ndiyo majibu yenyewe!"

"Majibu gani ya kumwonyesha mtu mzima? Hata mawe ya njiani tumeyapaka chokaa."

Kweli, kila kitu kilikuwa kimesafishwa isipokuwa ndani ya mabomba.

Meneja akafika na fomu. Akajitazama kwenye bamba, akarekebisha kola. "Safi kabisa. Saini hapa."

"Bosi, limesuguliwa na msasa."

"Hata mimi nimenyoa asubuhi, na bado ni mimi. Kijana, usiposaini mashine haiwashwi kesho. Isipowashwa, mkataba wako nitautetea kwa lipi?"

Mama alikwishawaambia majirani wote kuwa nimeajiriwa. Nikamwambia, "Tupulize mara moja mbele ya mgeni, na bamba hilihili. Likitoka safi, nasaini palepale."

Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Ratiba ilikuwa na pengo kati ya ngoma na hotuba.

Kesho yake wageni waligawiwa vizibo vya masikio, lakini mgeni rasmi hakuvaa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuvaa. Vali ikafunguliwa. Kofia ziliruka, viti viwili vikaanguka, mtu mmoja akajificha nyuma ya spika. Nililifungua bamba: vijishimo tele. Nikampelekea mgeni nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mheshimiwa, kama unavyoona..."

"Naona! Alama zote hizi ni hewa tu?"

"Ndiyo, na maana yake..."

"Maana yake mtambo una nguvu!"

Makofi. Vigelegele. Akakata utepe, taa zikawaka kwa umeme wa gridi ya taifa, na hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Sikusaini. Kwa kuwa sherehe ilikwishapita, hakuna aliyenisumbua tena. Tulipuliza siku tatu zaidi, mpaka bamba likatoka bila alama hata moja. Mzee akaligeuza huku na huku.

"Hili ndilo ungempa mgeni," akasema, bado amenikasirikia kidogo.

Nikatia saini fomu juu ya goti lake.

Wiki iliyofuata meneja alinipa barua: mkataba wa mwaka mzima. Ilinisifu kwa ubunifu katika kuandaa sherehe. Niliisoma mara tatu nikitafuta neno moja kuhusu mabomba. Halikuwemo. Mimi, ninayebishana hata na risiti ya duka, nikaomba kalamu, nikasaini.